Grupu ya mashabiki wa tamthilia ikianza kuwa na sumu: mwongozo kamili kwa admini, kutoka Mombasa

Mimi ni admini wa grupu ya WhatsApp ya wapenzi wa tamthilia hapa Mombasa, mwaka wa tano huu, tuko watu mia nne na kitu, wengi wa Kisauni, Majengo, Likoni na Tudor, na kuna walioko Saudia na Qatar kazini ambao hii grupu ndiyo inawapa harufu ya nyumbani. Naandika haya manake kila baada ya muda napigiwa simu na admini wa grupu nyingine, ananiambia kaka watu wangu wanakulana huku, nifanyeje. Kumjibu mmoja mmoja kwa voisinoti nimechoka, basi leo nayaweka yote mahali pamoja.

Nianze na kisa manake ndicho kilichonifunza. Tulikuwa na dada mmoja, jina silitaji, kila usiku akishalaza wanawe anatuwekea voisinoti ya dakika nne tano anasimulia episodi yote, nani kasema nini, nani kalia, mpaka muziki anauigiza kwa mdomo. Alikuwa anafanya hivyo kwa ajili ya wale walio shifti ya usiku bandarini na wale waliokwenda kuswali, manake tamthilia inaanza saa moja na nusu na Isha nayo ndio hapo hapo. Watu wanamsikiza wakiwa kwa feri wakivuka. Sasa siku moja akasema yeye anamuelewa yule mwanamke adui kwenye tamthilia, ati yule mama hakuzaliwa mbaya, kaumizwa. Basi tu. Hilo ndilo kosa lake. Wakamvamia watu sita saba hivi, wewe watetea mwizi wa waume, itakuwa ndio zako, na mmoja akachukua picha ya dada wa watu pale kwenye profaili, picha ya harusini kavaa vizuri na asmini kichwani, akaikata sura akaifanya stika na maneno chini yake ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ile stika ilitumwa mara kumi na nne, nilihesabu. Na mimi nilipoingia nikaandika "jamani tulieni nyote". Nyote! Yaani mpigwa na mpigaji nimewaweka kwenye mkeka mmoja. Saa kumi na moja alfajiri nikaona ameondoka, na siku hizi mtu akitoka WhatsApp wanaoambiwa ni maadmini pekee, kwa hivyo wenzake wala hawakujua, waliamka wakiuliza stori iko wapi. Wiki iliyofuata wakatoka wengine kimya kimya kina mama wengi, na wale saba wenye matusi hakutoka hata mmoja.

Hapo ndipo nilipojua kwamba sumu kwenye grupu haiwafukuzi wabaya. Inafukuza wale uliokuwa unawataka.

Hatua ya kwanza: jua joto ni lipi na sumu ni ipi

Hapa ndipo maadmini wengi wanapokosea, ama wanafunga kila kitu grupu inakuwa kama ubao wa matangazo ya mtaa, ama wanaacha kila kitu wakisema watu wa pwani ndivyo walivyo. Ni kweli sisi vijembe twavijua. Mtu akikuvalia leso yenye jina la kukuchoma, we unashuka Biashara Street unatafuta leso yenye jina la kumjibu, na hakuna aliyekutukana. Muyaka wa Mwinyi Haji hapa hapa Mvita zaidi ya miaka mia mbili iliyopita alikuwa anajibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, mambo ya vita kabisa, na mashairi yale watu wanayasoma mpaka leo. Lakini tazama vizuri, leso yataka pesa na kufikiri, shairi lataka vina na mizani, na yule unayemrushia ana nafasi ya kukujibu kwa kitu cha aina ile ile. Picha ya mtu kuikata na kuibandika tusi, huyo atajibu kwa nini?

Mimi natumia maswali matatu. Maneno yanapiga kazi, au yanapiga mtu? Ukisema mwandishi ameharibu mwisho wa sirizi hiyo ni haki yako, mwaka 2019 mashabiki zaidi ya milioni moja na nusu waliweka sahihi mtandaoni wakitaka msimu wa nane wa Game of Thrones utengenezwe upya, hasira hizo ni kubwa lakini zimeelekezwa kwenye kazi. La pili, ni mmoja kwa mmoja, au ni kundi kwa mmoja? Utani wa mtu mmoja, wakiurudia kumi unakuwa mawe. La tatu, ameshasema basi? Mtu akisema basi na nyinyi mnaendelea, hapo joto limeisha, kilichobaki ni sumu, na hapo usingoje mtu akuombe uingilie.

Hatua ya pili: mtenganishe mwigizaji na mhusika

Hii naipa nafasi kubwa kwa sababu nusu ya vita vyote vinaanzia hapa. Mtu anamchukia mhusika, anahamia kwa mwigizaji, na akipata memba anayemtetea anahamia kwake na yeye.

Anna Gunn, aliyeigiza Skyler White kwenye sirizi ya Breaking Bad, aliandika makala kwenye New York Times mwaka 2013 akieleza jinsi watu walivyomchukia mhusika wake mpaka chuki ikavuka ikamfikia yeye mwenyewe. Kosa la Skyler ni lipi, kumkatalia mume biashara ya madawa. Moses Ingram, mwigizaji mweusi wa kike, mwaka 2022 alipotokea kwenye sirizi ya Star Wars iitwayo Obi-Wan Kenobi alipokea mamia ya jumbe za kumtusi rangi yake, akazionyesha hadharani, na waliotengeneza wakajitokeza waziwazi kusimama naye, na Ewan McGregor, steringi mwenyewe, akarekodi video akisema anayemtumia mwenzake jumbe zile si shabiki. Hilo lishike, nitalirudia chini.

Halafu kuna la Hana Kimura, na hili naomba ulisome polepole. Alikuwa mwanamieleka wa Japani, miaka 22, akaingia kwenye Terrace House, kipindi cha vijana kuishi nyumba moja. Kulitokea ugomvi wa nguo yake ya mieleka iliyoharibika kwenye mashine ya kufulia, nguo tu, akamfokea mwenzake, ikarushwa hewani, na watu wakaanza kumwandikia maneno usiku na mchana. Mei 2020 alijitoa uhai. Mamake hakukaa kimya, na mwaka 2022 Japani ikaongeza adhabu ya kutusi watu kutoka kizuizi cha chini ya siku 30 hadi kifungo kinachoweza kufika mwaka mzima. Kila aliyeandika alidhani ni yeye mmoja, komenti moja tu, itamfanya nini.

Na sisi huku ni karibu zaidi. Mwigizaji wa tamthilia yetu haishi Hollywood, unapanda naye matatu, unamkuta Marikiti anachagua nyanya, mamake anaswali na mamako. Kwa hivyo kwa grupu yangu sheria ni hii: ukichukia, taja jina la mhusika. Jina la kweli la mwigizaji latajwa kwa kusifu au kwa kukosoa uigizaji wake basi, mwili wake na ndoa yake na mzazi wake havimo. Na hakuna kwenda kwenye kurasa zake kumwandikia ujinga halafu urudi kwetu na skrinishoti kama mtu aliyeleta samaki.

Hatua ya tatu: sheria ziwe fupi, na ziwe Kiswahili cha watu

Nimeona grupu zina sheria ishirini na tano za Kiingereza, hakuna anayesoma. Zangu ni tano, ziko kwenye maelezo ya grupu na kila memba mpya anatumiwa inboksi kabla sijamkubali (washa ile sehemu ya kuidhinisha memba wapya, iko kwenye mipangilio ya grupu, itakuokoa sana na wanaorudi kwa laini nyingine). Ninakupa kama zilivyo, nakili:

Mchukie mhusika utakavyo, mwigizaji muache na maisha yake.
Usimguse memba mwenzako, si mwili, si kabila, si dini, si ndoa, si mzazi.
Picha, namba na maneno ya memba hayatoki humu wala hayafanywi stika.
Hakuna spoila (kusimulia yaliyotokea kabla wengine hawajatazama) mpaka saa nne asubuhi ya kesho.
Ukiambiwa basi, basi.

Hilo la kabila usilidharau. Huku kwetu linaingia kwa mlango wa lugha, tamthilia ikiwa ya pwani mtu atasema mwigizaji fulani wa bara anaharibu Kiswahili, mwingine wa bara aliyemo kwenye grupu anajiona kaguswa, na dakika kumi baadaye mnazungumza ardhi na siasa. Kukosoa lafudhi sawa, hata mimi lafudhi mbaya yaniuma masikio, lakini mara tu mtu akisema "nyinyi watu wa" futa hiyo, usingoje sentensi iishe.

Hatua ya nne: usiku wenyewe wa moto, dakika kumi na tano za kwanza

Usiandike "tulieni". Nimeshakwambia iliponifikisha.

Kwanza piga skrinishoti, saa na jina vionekane, manake ukifuta kabla ya kushika ushahidi kesho utaambiwa mbona umemtoa fulani na hakusema kitu. Kisha futa kwa wote, admini anaweza kufuta ujumbe wa memba yeyote kwenye grupu. Jua lakini stika ikishahifadhiwa kwenye simu ya mtu kufuta kwako hakuitoi kule, ndio maana kasi ni muhimu.

Kisha, kabla hujamgusa mkosaji, nenda inboksi kwa anayeshambuliwa. Huyu ndiye wa kwanza. Usimuulize kwani ilianzaje, hapo utakuwa unamhoji. Andika hivi, "Dadangu, nimeona, nimefuta, na nitasema mbele ya wote. Wataka nifanye nini zaidi?" Mwengine atakwambia mtoe yule, mwengine atakwambia niache nilale. Fanya anachotaka kilicho ndani ya uwezo wako.

Halafu funga grupu, kwenye mipangilio weka maadmini pekee ndio wanaotuma, na uweke ujumbe mmoja tu unaotaja kitendo. Wangu sasa huwa hivi: "Kuna stika iliyotengenezwa kwa picha ya memba mwenzetu. Nimeifuta. Aliyetengeneza nimeshazungumza naye. Aliyeihifadhi aifute kwenye simu yake leo. Dada yetu hakukosa kitu, alitoa maoni yake kuhusu mhusika. Tutafungua saa mbili asubuhi." Ile sentensi ya tano, ya dada yetu hakukosa kitu, ndiyo yenyewe. Mtu aliyepigwa mbele za watu akitetewa chemba, kwake ni kama hakutetewa, ndio nikakwambia ulishike lile la McGregor, alisema waziwazi, hakumwandikia mwenzake pole pembeni.

Asubuhi ukifungua usifungue mkono mtupu, weka kura, WhatsApp ina kura siku hizi, uliza kitu cha episodi, angemsamehe mumewe au asimsamehe. Watu wataingia kwa hilo.

Hatua ya tano: kuzungumza na mkosaji

Nenda inboksi, au bora zaidi mpigie, maandishi yanakauka sauti haikauki. Na umwendee kwa umri wake. Kama ni mtu mzima unaanza "Ami, assalam aleikum, niwie radhi kukusumbua usiku huu," halafu unamwambia bila kuzunguka, "Ami maneno uliyomwambia yule binti pale si ya kwako, nimeyafuta, nakuomba usiyarudie." Wazee wengi wanaona haya, wanaomba msamaha hapo hapo, kwa sababu walidhani wako baraza lao la kahawa na wazee wenzao na wamesahau kuna watu mia nne wanasoma. Kijana muulize, ungemwambia hivi dadako? Ungesema hivi mbele yake sokoni Kongowea? Usimhubirie lakini, maneno matatu manne yatosha.

Ukigundua ni mtoto wa shule anatumia simu ya mamake, na hutokea, ongea na mzazi. Na kama mtoto ndiye anayenyanyaswa, namba ya msaada wa watoto Kenya ni 116, ni ya bure.

Utaratibu wangu ni ngazi tatu. Mara ya kwanza naongea naye, ya pili anakaa nje wiki mbili, ya tatu hatarudi. Ila picha za uchi, vitisho, na kutoa namba au nyumba ya mtu havipandi ngazi, anatoka siku hiyo hiyo hata kama ni binamu yangu. Na nimeshamtoa mtu wa familia, harusi moja hatukusalimiana, ikapita.

Hatua ya sita: yakizidi

Kuna mambo si ya admini tena. Mtu akimfuata memba inboksi kila siku, akimtishia, akimtungia akaunti ya uongo, huyo anastahili kuripotiwa kwenye WhatsApp yenyewe (ukiripoti wanapokea jumbe tano za mwisho alizokutumia, kwa hivyo usikimbilie kufuta chati kabla), na muathirika akitaka aende polisi. Kenya ina sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 27 kinahusu kumsumbua mtu mtandaoni na adhabu yake imeandikwa faini isiyozidi shilingi milioni 20 au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kusambaza picha za siri za mtu kuna kifungu chake, cha 37. Na uchochezi wa kikabila uko kwenye sheria ya utangamano wa kitaifa ya 2008. Sikuandikii haya utishe watu kila siku, ukitishia kila siku hawatakuamini. Naandika ili ujue ushahidi una kazi, uhifadhi skrinishoti na tarehe, na uende na muathirika pale stesheni kama ataka mtu wa kumsindikiza. Kituoni peke yako na kesi ya simu ni pagumu.

Na kama mtu amevunjika moyo kiasi unaogopa usalama wake, usimuache na simu yake usiku peke yake. Mpigie, mtafutie jirani au ndugu, na Kenya Red Cross wana laini ya ushauri nasaha ya bure, 1199.

Mengine madogo madogo

Spoila, kwetu ni saa nne asubuhi kama nilivyosema, stima inapotea, watu wako kazini. Anayeshindwa kungoja anaandika SPOILA juu, halafu anashusha nukta mistari mingi ndipo anaandika, WhatsApp inakata ujumbe mtu anaona sehemu ya kusoma zaidi, akifungua ni hiari yake. Telegram ni rahisi zaidi, unayafunika maneno yenyewe. Grupu ya Telegram ikiwaka pia kuna kupunguza kasi, kila mtu anatuma ujumbe mmoja kwa muda utakaoweka, kuanzia sekunde chache mpaka saa nzima, na wallahi dakika tano zatosha, hasira haina subira.

Timu (timu tajiri na timu fundi, kila tamthilia ina hizi) zipe siku yake. Sisi ni Ijumaa usiku, malumbano, ila kwa sharti moja tu, ukitaka kushambulia timu nyingine lete beti moja yenye vina. Wengi hawawezi wanabaki kucheka, na wanaoweza, mashalla, tumegundua washairi wawili watatu ambao hata wenyewe hawakujijua.

Maadmini wasiwe chini ya watatu, awepo mwanamke, na awepo mmoja anayekaa macho mpaka usiku wa manane kwa sababu hapo ndipo mambo yanapoharibika. Na admini akikosea anatolewa uadmini hadharani kama alivyokosea hadharani.

Kumrudia aliyeondoka

Hii wengi hawaifanyi. Mimi nilikaa siku tatu na aibu yangu ndipo nikamtumia yule dada voisinoti. Usimwambie rudi, mtu hahitaji umkumbushe anavyohitajika. Taja kilichotokea, taja ulichokosea wewe, na uishie hapo. Nilimwambia dadangu niliandika tulieni nyote, na wewe hukuwa umefanya kitu, nilikukosea. Sekunde ishirini. Tiki zikageuka buluu, hakujibu.

Siku ya tisa, saa tatu na robo usiku, ikaingia voisinoti ya dakika tano kwenye inboksi yangu, nikaifungua, ni episodi ya siku ile anaisimulia, na muziki anauigiza kwa mdomo. Mwisho akasema ukitaka wapelekee wale wa shifti, lakini mimi huko sirudi. Hajarudi mpaka leo. Huwa ananitumia mimi, nami namuuliza kila mara kabla sijaipeleka, na akisema leo usiipeleke, siipeleki.